Picha Nusu-Dhahania za Maji: Mwongozo Kamili kwa Mpigapicha wa Uganda

Uganda haina bahari, lakini ina maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Ukisimama mahali ambapo visiwa havizibi macho, maji huenda mpaka yakakutana na mbingu, na kwa kazi hii hicho ndicho kinachotakiwa. Mbinu zote za picha za bahari zinafanya kazi hapa, isipokuwa chache, kwa kuwa ziwa lina tabia yake.

Picha dhahania kabisa humwacha mtazamaji asijue kama anatazama maji, kitambaa au ukuta uliochubuka. Picha nusu-dhahania humwachia kitu kimoja cha kushika: ncha ya mtumbwi, nguzo ya gati, mti mkavu uliosimama majini, au mstari wa upeo wa macho peke yake. Vingine vyote vimepunguzwa hadi vikawa rangi, mistari na mwanga. Kitu hicho kimoja tukiite nanga. Picha nyingi za aina hii zinazoshindwa zina nanga nyingi mno au hazina kabisa, na mwongozo huu wote unazunguka jambo hilo.

Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kuchagua mwenyewe mwendo wa shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga hubaki wazi, inatosha. Simu yenye hali ya Pro (ya kupanga mipangilio mwenyewe) inatosha pia kwa kuanzia, mradi iweze kufungua shata kwa sekunde kadhaa na kuhifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaisindika. Kwa upande wa lenzi, pana ya milimita 24 hadi 35 na ndefu ya 70 hadi 200 zinamaliza kazi. Ukiwa na fedha za lenzi moja tu, chukua ndefu. Lenzi pana huingiza vitu, na kazi yetu ni kuvitoa.

Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, iwe nzito. Ikiwa nyepesi, ining'inizie mfuko wa mchanga katikati, mfuko uguse chini ili upepo usiubembeze. Filta za kupunguza mwanga, zile za ND, nunua ya stopu 6 na ya stopu 10. Kila stopu moja hukata mwanga nusu, hivyo stopu 6 hupunguza mwanga mara 64 na stopu 10 mara 1,024. Kama kipimo bila filta ni 1/60 ya sekunde, ukiweka ya 6 utahitaji sekunde 1, na ukiweka ya 10 utahitaji sekunde 17 hivi.

Asiyemudu bei ya filta atafute kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma, namba 10, akifunge mbele ya lenzi kwa mipira miwili ya kubania. Kinakata mwanga zaidi ya stopu 12, kwa hiyo jiandae kusubiri muda mrefu hata mchana. Kinatia rangi nzito ya kijani isiyosafishika vizuri. Picha zake zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe. Beba pia vitambaa viwili laini, kimoja cha kufutia matone na cha pili kikavu daima.

Saa na mahali

Karibu na ikweta jua huchomoza wima, na mapambazuko hayachelewi. Pwani ya kusini mwa Kampala jua hutoka kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi, na mwanga wa alfajiri unaofaa kwa rangi laini hudumu kama dakika 20 tu. Fika saa 11:45. Anayefika jua likichungulia amekwisha kukosa nusu ya kazi.

Upepo ndio unaoamua aina ya picha. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, hivyo hadi asubuhi upepo hutoka nchini kuelekea majini, na maji ya karibu na ufuo hulala kama kioo. Mchana mambo hugeuka: nchi hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani, na kuanzia kama saa 8 mawimbi hugonga ufuo. Unataka utupu na tafakuri? Nenda alfajiri. Unataka misuguano na michirizi? Nenda alasiri.

Kuna mambo ya ziwa letu ambayo mpigapicha wa Ulaya angeyalipia nauli. La kwanza ni sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kwa mamilioni juu ya maji kama nguzo za moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Ukiwaona kwa mbali wapige kwa lenzi ndefu, mwanga ukiwa nyuma yao. Wakifika kwako funika lenzi. La pili ni taa za wavuvi wa mukene (dagaa wa ziwani) katika usiku wa giza: safu ya nukta za mwanga kwenye upeo, na ukifungua shata sekunde 10 hadi 30, kila taa huandika mstari wake kwa kadiri wimbi linavyoyumbisha mtumbwi. La tatu ni miti mikavu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, likameza fukwe na mashamba, na miti iliyofia majini ni nanga tayari.

Nje ya Viktoria, Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale lina ukungu wa asubuhi unaopanga vilima tabaka juu ya tabaka. Ziwa Albert, ukilitazama kutoka Butiaba jioni, lina milima ya Kongo ng'ambo, ambayo jua likishuka hubaki ukanda mmoja wa buluu. Ukirudi Viktoria, kwenye Ghuba ya Murchison, upande wa Ggaba, maji mara nyingi ni ya kijani kwa sababu ya mwani. Usihangaike kuifuta rangi hiyo kwenye kompyuta. Itumie kama ilivyo, au nenda kwingine.

Kabla ya kutoa kamera kwenye mwalo, toa salamu. "Ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, kisha eleza unachofanya na uulize nani mkubwa wa mwalo. Wavuvi wengi huiogopa kamera kwa sababu ya misako ya nyavu haramu, na hofu hiyo ina msingi. Usielekeze lenzi kwenye mabwawa ya umeme, madaraja makubwa, wala boti za jeshi, na usirushe droni bila kibali. Maji ya kina kifupi yenye majani yana kichocho: vaa mabuti, usisimame pekupeku. Viboko hutoka kula majani jioni. Ukisikia ngurumo, funga tripodi na uondoke ufuoni; dhoruba za ziwa hili huja kwa kasi.

Kupanga picha, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza haina kamera. Tazama maji kwa dakika 10, kisha sema kwa neno moja kilichokuvuta, na neno hilo lisiwe jina la kitu. Si "mtumbwi" bali "uzito". Si "mawingu" bali "mkandamizo". Liandike kwenye daftari, kwa sababu utalihitaji tena siku ya kukosolewa.

Kisha chagua nanga moja. Iwe ndogo: ikichukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya fremu, picha inaanza kuwa picha ya kitu hicho, na maji yanageuka mandhari ya nyuma. Mtumbwi wenye mtu ndani yake ni nanga yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo maana uwe na hadhari nayo. Jicho la binadamu hukimbilia binadamu mwenzake, hata akiwa mdogo kama punje ya mchele.

Weka upeo. Kanuni ya theluthi (kuweka upeo kwenye theluthi ya fremu, si katikati) ambayo kila anayeanza hufundishwa si sheria. Mjapani Hiroshi Sugimoto, tangu mwaka 1980, amepiga bahari mbalimbali duniani akiweka upeo katikati kabisa, nusu maji nusu anga, na ulinganifu huo ndio unaomlazimisha mtazamaji kupima tofauti ndogo kati ya nusu mbili. Weka katikati kama maji na anga vina uzito sawa. Ukipandisha upeo juu sana, maji yanakuwa kama ukuta. Ukiushusha chini kabisa, anga inamwelemea mtazamaji. Kinachoharibu ni kusitasita: upeo ulio karibu na katikati, lakini si katikati, huonekana kama kosa. Na uwe sawa kama maji ya mtungini. Mteremko wa hata digrii moja unaonekana, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kuuficha.

Sasa nafasi tupu. Mtumbwi unaoelekea kushoto uachie nafasi kushoto, isipokuwa unataka hisia ya kufika ukingoni. Nanga isiguse upeo. Ncha ya mtumbwi ikigusa tu mstari ule, vitu viwili vinagandana na kina cha picha kinapotea. Ama ikate mstari waziwazi, ama iwe chini yake kwa mbali. Dawa yake mara nyingi ni kuinua au kushusha tripodi kwa sentimita 20.

Zungusha jicho kwenye kingo nne za fremu kabla ya kubonyeza. Gugu maji lililojichomoza kona ya chini, nusu ya chupa ya plastiki, kipande cha kisiwa upande wa kulia: katika picha ya kawaida havidhuru, katika picha tupu vinapiga kelele. Hesabu rangi pia. Mbili zinatosha, tatu ndiyo mwisho.

Kisha ije hatua ambayo wengi huiruka. Piga. Ondoa kitu kimoja, kwa kusogea, kwa kuvuta lenzi au kwa kusubiri. Piga tena. Ondoa kingine. Endelea mpaka picha ivunjike, yaani mpaka hakuna tena kinachoonyesha kuwa haya ni maji. Rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo mpaka wa nusu-dhahania ulipo kwa eneo hilo na siku hiyo, na huwezi kuujua bila kuuvuka.

Njia tatu za kupiga

Shata ya muda mrefu. Panga picha bila filta, weka fokasi kwenye nanga, kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihangaike gizani. Zima kituliza mtetemo cha lenzi, maana juu ya tripodi huweza kuleta mtetemo badala ya kuutuliza. ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 au f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi). Pima mwanga, tuseme umepata 1/30. Vaa filta ya stopu 10: sekunde 34. Kamera nyingi huishia sekunde 30, hivyo tumia hali ya B (shata hubaki wazi mpaka uifunge mwenyewe) na rimoti. Ziba tundu la kuchungulia la kamera yenye kioo ndani (DSLR), mwanga usipenye kwa nyuma. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya haraka kuliko ya bahari, kwa hiyo sekunde 20 hadi 30 zinatosha kuyafanya hariri. Dakika nne haziyalainishi zaidi, zinavuta mawingu tu.

Kosa kuu hapa ni kuchagua nanga inayotikisika. Mtumbwi uliofungwa kwa kamba huzunguka, na kwenye picha hutoka kama mzimu, si wa kueleweka wala si wa kupotea. Tumia nguzo, mwamba, mti, au mtumbwi uliopandishwa nusu mchangani. Kama lazima mtumbwi uwe majini, punguza hadi kati ya robo sekunde na sekunde 1, na upige mara kumi ili upate picha moja ambamo umetulia.

Kusogeza kamera kwa makusudi. Shata 1/15 hadi 1/2, ISO 100, f/11 au f/16, na filta ya stopu 6 kama ni mchana. Zungusha mwili kutoka kiunoni sambamba na upeo. Anza kusogea kabla ya kubonyeza na uendelee baada ya shata kufunga, la sivyo mistari itakuwa na vifundo mwanzoni na mwishoni. Piga 40 ili upate 2. Hesabu hiyo ni ya kawaida na haina aibu. Tatizo la njia hii ni kwamba hufuta nanga pamoja na vingine. Suluhisho: weka kamera juu ya tripodi iliyolegezwa upande, shata sekunde 1, itulize kwa nusu ya kwanza ya muda huo, kisha isogeze polepole. Nanga itajichapa ikiwa imara, na mistari itapita juu yake.

Tabaka kwa lenzi ndefu. Hapa hakuna ujanja wa shata: milimita 200, f/8, 1/125 au haraka zaidi. Ukungu hudanganya kipimo cha kamera, hivyo ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu 1, la sivyo weupe utatoka kijivu kama majivu ya baridi. Usitazame jua kupitia lenzi ndefu kwenye kamera yenye kioo. Jicho halina spea.

Ukibahatika kusafiri hadi Mombasa au Tanga, ongeza mambo mawili: chumvi, ambayo hula vyuma, hivyo osha miguu ya tripodi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti yake hupita mita 3, na mwamba uliouchagua maji yakiwa yamepwa waweza usionekane saa chache baadaye. Ziwani huna hofu hiyo.

Kwenye kompyuta fanya kidogo. Fanya kazi na faili ya RAW, kwani anga laini ya JPEG (faili iliyobanwa) ikivutwa hukatika ngazi-ngazi. Kagua madoa ya vumbi la sensa kwa ukubwa kamili, hasa ulipotumia f/16. Usipandishe rangi zote kwa pamoja.

Kukosolewa

Picha ya aina hii haiwezi kujihukumu yenyewe. Wewe ulikuwepo; unajua kuwa alama ile ni mtumbwi, na baridi ya asubuhi bado iko mwilini mwako. Mtazamaji ana karatasi tu.

Leta picha tatu, si ishirini. Zichapishe sentimita 10 kwa 15, kwa bei ya studio yoyote ya mtaani. Ukilazimika kuzituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha hubanwa, na rangi laini hubaki mabaka. Tafuta watu wanne hadi sita, na angalau mmoja asiwe mpigapicha. Mvuvi ni mkosoaji bora kuliko wanavyodhani wengi: akikuambia "huyu anavuta wavu, upepo unatoka huku," nanga yako inasema, akiuliza "hiki ni nini?" na kuiweka chini, haisemi.

Kila picha ipewe dakika 12. Mbili za kwanza ni kimya. Tatu za kueleza kinachoonekana bila kusifu wala kulaumu: "naona mstari mweusi, naona weupe unaopanda." Tatu za kueleza jicho linaanzia wapi, linakwenda wapi, linakwama wapi. Nne za mwisho ni za mapendekezo. Mwenye picha asiseme neno mpaka mwisho, hata akiulizwa, kwa sababu maelezo yake yatakuwa nanga ambayo picha haina.

Heshima yetu inaweza kukwamisha zoezi hili kwa njia mbili. Moja ni "nzuri sana", jibu la adabu lisilosaidia. Usiulize kama wanaipenda. Wape vipande viwili vya kadi vyenye umbo la L na uwaambie: "Ikate unavyotaka." Mikono haina adabu ya ulimi, watakata kile kinachowasumbua. Ya pili ni mzee au mwalimu akianza kusema, hakuna atakayempinga. Wadogo waanze, mkubwa amalize.

Andika yote, kisha yachambue baadaye kwa makundi matatu. Kuna maneno ya kuona: "jicho langu linakwenda kona ya kulia." Hayo yakubali daima, huwezi kumwambia mtu hakuona alichoona. Kuna maneno ya sababu: "ni kwa kuwa pale pana mwanga mkali." Hayo yajaribu, ziba kona kwa kidole uone kama ni kweli. Kuna maneno ya tiba: "ungeweka ndege hapa." Tiba nyingi ni za kutupwa, lakini ugonjwa uliosababisha zitajwe upo. Anayetaka ndege anakuambia kwamba sehemu ile ni tupu bila sababu.

Chukua mfano. Mti mkavu kushoto, mtumbwi kulia, anga ya chungwa. Watu watatu kati ya watano wanasema hawajui watazame wapi. Mmoja anapendekeza rangi ipunguzwe. Rangi haina kosa. Kuna nanga mbili zenye uzito sawa, na jicho linatupwa huku na huku kama mpira. Kata mtumbwi uone, halafu kata mti uone. Itakayosimama ndiyo utakayoirudia ufuoni.

Wawili wakitaja sehemu ileile bila kuambiana, rekebisha. Mmoja peke yake akitaja, andika na usubiri. Linganisha pia maneno yao na neno uliloliandika dakika zile 10 za mwanzo. Kama uliandika "uzito" na wote wanasema "utulivu", huenda picha ni nzuri, lakini si ile uliyokwenda kuipiga, na inafaa ujue kilichoibadilisha: mara nyingi ni muda wa shata uliozidi.

Baada ya wiki moja rudi mahali palepale, saa ileile, na ubadilishe jambo moja tu. Chapisha picha mpya, iweke kando ya ile ya zamani mbele ya watu walewale, usiwaambie ipi ni ipi. Wakichagua ya zamani, fungua daftari lako la ufuoni: mara nyingi utakuta ulibadilisha mawili kwa pamoja bila kukusudia, urefu wa tripodi pamoja na shata, na lile la pili ndilo lililoharibu.